Goma inahitaji ramani moja yenye herufi na namba

Hapa Goma ukiuliza njia utajibiwa: "Fika Signers, pita pale palikuwa depo ya simenti, kisha uliza tena." Mwenyeji atafika. Lakini mama aliyekimbia vita toka Masisi ao Rutshuru, mwenye mtoto mgonjwa mgongoni, atajua wapi pale palikuwa nini? Analipa moto mara mbili na kituo cha afya bado hajakiona.

Tena alama zenyewe zinakufa. Januari 2002 lava ya Nyiragongo ilifika katikati ya mji, ikafunika nyumba na barabara. Mei 2021 ikashuka tena hadi Buhene. Alama nyingi zimebaki katika vichwa vya wazee tu.

Ndiyo sababu naomba viongozi wa mji watuchoree ramani kubwa ya miraba. Kazi yake ni nyepesi. Juu, toka kushoto kwenda kuume, ni A, B, C. Pembeni, toka juu kwenda chini, ni 1, 2, 3. Chini kuna orodha ya majina: unatafuta kituo cha afya, unaona F4. Kidole kimoja kishuke toka F, kingine kitoke kwenye 4. Vinapokutana, ndio mraba wako. Haukuonyeshi mlango, hapana, lakini badala ya kutafuta mji mzima unatafuta mraba mmoja. Na ukitaka kujua umeelekea wapi, volkano iko juu ya ramani, ziwa Kivu liko chini. Haidai megabaiti wala umeme, na umeme wetu tunaujua.

Ila iwe ramani moja. F4 ya shirika moja si F4 ya shirika lingine, kila mmoja anakata miraba yake. Ikiwa ofisi ya mtaa, hospitali na redio zote zinatumia ileile, tunaweza kutangaza: mtoto ameokotwa, yuko D6. Mzazi yeyote ataelewa.

Wengine wanasema ramani itawaonyesha wenye silaha mahali watu wamelala. Hofu hiyo ni ya kweli, siidharau. Basi ramani ionyeshe barabara, bomba la maji, shule, soko na vituo vya afya. Majina ya jamaa na mahema yao yasiandikwe kamwe. Anayekataa hata bomba la maji lisionyeshwe, huyo simwelewi.

Motari watasema wao wanajua mji wote. Wanajua kweli, lakini si kila mtu ana pesa ya moto.

Kuta za ofisi za mitaa zipo, katika komine ya Goma na ya Karisimbi. Na shule zisingoje: mwalimu achore mtaa wake ubaoni, aweke herufi na namba, kisha awaulize watoto bomba liko mraba gani.