Huzuni Isiyokwisha ni Maradhi, Si Upungufu wa Imani

Bismillahir Rahmanir Rahiim.

Sifa zote njema anastahiki Allah (S.W.), na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), ahli zake na sahaba zake wote. Ama baad.



Napenda kuzungumzia jambo ambalo katika nyumba zetu nyingi hufungiwa chumba cha ndani. Mtu akipata malaria, jirani wote wanajua na uji unaletwa. Akiugua moyo na akili, mlango unafungwa na wageni wanaambiwa amesafiri.

Kaka yangu, aliyenifundisha alif, bee, tee kabla sijaanza chuo, aliwahi kupitisha wiki kadhaa karibu hana usingizi. Usiku anatembea, mchana anaongea bila kituo. Alikopa katika maduka ya mtaani na kuahidi kujenga msikiti, ilhali kodi ya nyumba hajalipa. Watu wakasema, "Mashaallah, amefunguliwa." Kisha akageuka. Akawa amelala kauelekea ukuta, chakula hali, mswala umekunjwa. Mimi, na diploma yangu ya masomo ya Kiislamu, nikasimama mlangoni nikamwambia, "Kaka, amka uswali, shetani anakuchezea." Akanijibu taratibu bila ya kugeuka, "Mdogo wangu, unadhani sitaki?"

Jibu lile sijalisahau. Mama, ambaye hakusoma kama mimi, ndiye aliyekodi teksi akampeleka hospitali. Tukaelezwa kuwa ni baipola, yaani maradhi ambayo hisia za mtu hupanda kupita kiasi, kisha huporomoka mpaka kwenye sonona. Wengine hupata sonona peke yake bila ya kule kupanda.

Ndugu msomaji, nani aliyetufundisha kuwa mwenye huzuni ni mwenye imani haba? Nabii Yaaqub (A.S.) alihuzunika kwa kumpoteza Yusuf mpaka macho yake yakawa meupe, naye ni Mtume wa Allah. Mtume wetu (S.A.W.) alipofiwa na Bibi Khadija (R.A.) na ami yake Abu Talib, mwaka ule ukaitwa Mwaka wa Huzuni. Ikiwa huzuni iliwafika wao, basi si kipimo cha imani ya mtu.

Wanavyuoni wetu walilijua hili zamani. Abu Zayd al-Balkhi, aliyefariki mwaka 322 Hijria (934 Miladia), alitenganisha huzuni yenye sababu inayojulikana, kama kufiwa, na huzuni isiyo na sababu inayoonekana. Hii ya pili aliihusisha na mwili, kwa hiyo akaona inahitaji kutibiwa mwilini pia. Na huko Cairo, hospitali aliyoijenga Sultani Qalawun mwaka 1284 ilikuwa na sehemu ya wagonjwa wa akili. Leo sisi tunawafunga kamba!

Wapo watakaosema, "Mwalimu, na majini je?" Sikatai ghaibu, na kisomo ni sunna. Lakini Mtume (S.A.W.) ametuamrisha pia kujitibu, akatueleza kuwa kila maradhi yana dawa yake. Msomee mgonjwa wako, kisha mpeleke hospitali. Na anayemchapa mgonjwa kwa madai ya kumtoa jini, huyo anadhulumu.

Basi tumsaidieje mpenzi wetu?

Kwanza, kaa naye. Usimhutubie. Mpelekee maji ya kutawadha, mwambie, "Tuswali pamoja, hata ukiwa umekaa." Akishindwa leo, rudi kesho kwa upole uleule.

Pili, simamia dawa. Dawa za sonona huchukua wiki kadhaa kabla nafuu haijaonekana, na wengi huziacha mapema. Wengine huziacha wakishapona, na maradhi yakarudi. Asiache bila ya kauli ya daktari.

Tatu, jua dalili. Kwa mwenye baipola, kukosa usingizi siku mbili tatu huku ana nguvu tele mara nyingi ni onyo. Akiwa mzima, kubalianeni nani atamshikia fedha zake na nani atampeleka hospitali.

Nne, akisema amechoka kuishi, usimkemee kwa kumtajia Moto. Muulize waziwazi kama anafikiria kujiua. Kuuliza hakumpandikizii wazo hilo. Usimwache peke yake, ondoa sumu na vidonge karibu naye, na mpeleke hospitali siku hiyohiyo.

Tano, Ramadhani. Muone daktari tangu Shaabani. Dawa nyingine zaweza kuhamishiwa futari na daku, lakini anayetumia litiamu akipungukiwa na maji mwilini, dawa hiyo yaweza kumdhuru. Allah (S.W.) amempa mgonjwa rukhsa. Kumlazimisha afunge kwa kuogopa maneno ya majirani si uchamungu.

Sita, pokezaneni. Mama zetu huuguza peke yao mpaka nao wakaugua. Kaka na wajomba, nanyi chukueni zamu.

Nanyi wanafunzi, nawasikia uwanjani mkiitana "chizi" na kulifanyia mzaha jina la Mirembe, hospitali ya watu iliyoko Dodoma. Pengine mwenzenu aliyekaa jamvi moja nanyi amemwacha mama yake nyumbani hajainuka kitandani siku ya nne. Akisikia kicheko chenu, hatamwambia mtu. Na wewe uliye na mgonjwa nyumbani, si kosa lako wala si aibu. Njoo uniambie, hata baada ya darasa.

Kaka yangu hivi sasa anatumia dawa na anaswali jamaa. Zipo siku bado nzito. Siku hizo siulizi kwa nini hakuja msikitini. Namfuata nyumbani.

Allah awaponye wagonjwa wetu na awape subira wanaowauguza. Amin.

Wabillahi tawfiq.