Idadi ya Watu wa Morogoro na Mlima Unaowanywesha

Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu 315,866 katika Manispaa ya Morogoro. Ile ya mwaka 2022 ikahesabu 471,409. Mwanafunzi akipiga hesabu ataona kwamba ongezeko hilo ni karibu asilimia 4 kwa mwaka, na kwamba kwa mwendo huo wakazi watakuwa maradufu katika miaka 17 hivi. Mara nyingi somo huishia hapo. Kwa maoni yetu, hapo ndipo lingepaswa kuanza.

Mji wa Morogoro umejengwa chini ya milima ya Uluguru, ambayo vilele vyake hupita mita 2,500 juu ya usawa wa bahari. Pepo zitokazo Bahari ya Hindi hupanda miteremko ya mashariki, hupoa, na mvuke wake hugeuka mvua. Mji uko upande wa pili, ambako mvua ni haba zaidi. Hivyo hutegemea vijito vishukavyo mlimani na bwawa la Mindu, lililojengwa katika mto Ngerengere. Palipo na msitu, udongo hufyonza mvua na kuiachilia polepole hata wakati wa kiangazi. Mteremko ukiwa mtupu, maji hushuka kwa nguvu yakibeba udongo, nao hutuama bwawani. Hapo watu huongezeka, na nafasi ya maji yao hupungua.

Wako wasemao kwamba dawa ni kumwamuru mkulima wa mlimani. Historia haiwaungi mkono. Serikali ya kikoloni iliwalazimisha Waluguru kuchimba matuta. Mwaka 1955 yakazuka machafuko, na mpango huo ukaachwa. Kuhifadhi udongo ni jambo jema, lakini haliwezi kudumu iwapo mkulima anatwikwa kazi bila kushirikishwa.

Kwa hiyo ni haki mnywaji wa maji mjini achangie gharama za miche na matuta, na mkulima awe na sauti katika mipango hiyo. Walimu wa jiografia nao waweza kuanza mapema: wanafunzi wachote maji ya kijito kabla na baada ya mvua, wayaache yatulie chupani, kisha wapime tope. Kipimo hicho kiandikwe daftarini kando ya takwimu za sensa, kwa maana habari hizo mbili ni za mji mmoja.