Kusubiri Nako Ni Kazi

Leo nina jambo la kuungama. Mwaka jana mwezi wa Agosti tulihama kutoka Kawangware kwenda Uthiru. Si mbali, utasema, lakini mwenye watoto watatu na vyombo vya miaka kumi anajua kwamba hakuna kuhama kwa karibu. Nilikwenda kando ya barabara, pale magari ya Canter yanapopanga foleni yakingoja wateja, nikapatana na kijana mmoja shilingi 4,500. Angekuja saa mbili asubuhi.

Saa mbili barabara alikuwa langoni. Sisi je? Kitanda kilikuwa hakijafunguliwa, na sufuria ya chai ilikuwa bado mekoni. Tulimaliza kupakia saa nne. Tulipofika Uthiru, mlinzi akatuambia hana ruhusa ya kufungua lango hadi mwenye nyumba amthibitishie kwamba tumelipa kodi. Mwenye nyumba alikuwa mazishini na simu yake imezimwa. Tukakaa. Jua la saa sita likatupiga, la saa nane likatupiga. Lango lilifunguliwa saa tisa na nusu.

Yule kijana akatusaidia hata kupandisha friji hadi ghorofa ya tatu, jambo ambalo hatukuwa tumepatana. Nikamhesabia 4,500 zake. Akazikunja, akaniambia kwa upole, "Asante, mama. Lakini leo nimekuuzia siku nzima kwa bei ya saa moja."

Kusema kweli nilikasirika. Nikajiambia bei ni bei, tena tulipatana mbele ya watu. Jioni binti yangu, ambaye ni mwanafunzi wa chuo kikuu, akaniuliza swali moja: "Mama, siku ambayo stima imepotea ofisini mkakaa bure hadi jioni, mshahara wako hukatwa?" Nikanyamaza.

Tangu siku hiyo nikisimama kando ya Waiyaki Way nayatazama malori kwa jicho jingine. Mengi yametoka Mombasa, kiasi cha kilomita 480 nyuma yetu. Yanapita Kangemi na Uthiru, yanapanda kuelekea Naivasha na Nakuru, na mwisho wa safari kwa upande wetu ni Malaba au Busia. Wewe mwenyewe ukiyaona barabarani hudhani kazi ya dereva ni kushika usukani. Hiyo ni sehemu tu ya kazi yake. Kabla ya kuwasha injini amengoja stakabadhi bandarini. Amengoja kontena lipakiwe. Njiani atapanga foleni kwenye mizani: Mariakani, Mlolongo, Gilgil, Webuye. Atakagua magurudumu, atafunga turubai upya, atalala na jicho moja wazi ili mafuta na mzigo visiibwe. Akifika mpakani atangoja tena.

Je, unakumbuka Januari 2022? Uganda ilipodai madereva wapimwe korona kwa malipo, foleni ya malori upande wa Malaba ilinyooka kwa makumi ya kilomita. Watu walipika, wakaoga na kulala kando ya barabara kwa siku kadhaa.

Wako madereva wenye mshahara wa mwezi. Lakini wako pia, na si haba, wanaolipwa kwa safari. Kwa hawa, siku tatu za foleni ni siku tatu za bure. Fedha za posho alizopewa ndizo anazokula, na akifika nyumbani hana cha kuonyesha.

Sasa nikuulize, msomaji. Kontena likikaa bandarini kupita muda uliowekwa, bandari hutoza ada ya kuhifadhi. Likichelewa kurudishwa, kampuni ya meli hutoza faini kwa kila siku. Chuma kikingoja, kinalipiwa. Mtu mwenye mke, watoto na karo ya shule akingoja, halipiwi. Wahenga walisema mvumilivu hula mbivu. Dereva huvumilia yeye, na mbivu wakala wengine.

Jambo hili halikai mbali na sisi watu wa mjini. Ingia kwenye matatu katikati ya jiji saa tano asubuhi, wakati abiria ni haba. Utakaa dakika arobaini huku kondakta akiita hadi sauti ikauke. Mwenye gari amekwisha kuweka hesabu yake ya siku. Kinachobaki baada ya hesabu hiyo na mafuta ndicho cha dereva na kondakta. Kwa hiyo dakika zile arobaini ni zao, si za tajiri. Watazirudisha wapi? Pale Waiyaki Way, kwa mguu mzito juu ya mafuta, na wewe na mtoto wako mkiwa ndani. Kanuni za mwaka 2003, zile tulizozoea kuziita sheria za Michuki, zilitaka wafanyakazi wa matatu waajiriwe kwa mshahara wa mwezi. Mikanda ya usalama tuliiona, mshahara wengi wao wanausikia tu.

Dereva wa lori naye hufanya vivyo hivyo. Siku alizopoteza kwenye foleni huzifidia kwa usingizi wake. Sheria ya Trafiki, tangu marekebisho ya 2012, inakataza dereva wa gari la biashara kuendesha zaidi ya saa 8 katika saa 24. Ni sheria nzuri. Lakini mtu aliyekesha kwenye foleni akihesabiwa kwamba "alipumzika", saa hizo nane anaziendesha akiwa amechoka tayari.

Na hapa hatudai kitu cha ajabu. Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 41, inampa kila mfanyakazi haki ya malipo ya haki na mazingira mazuri ya kazi. Agizo la jumla la mishahara linaweka wiki ya kawaida kuwa saa 52 kwa siku sita, na saa za ziada zilipwe mara moja na nusu. Ulaya nako, mwongozo wa mwaka 2002 ulisema waziwazi kwamba kupakia na kushusha ni kazi, na kwamba kungoja mzigo bila kujua utangoja hadi lini ni kazi pia. Usidhani wakubwa wote wamelimaliza jambo hili. Marekani, sheria yao ya kazi ya 1938 iliwaacha nje madereva wengi wa malori katika malipo ya saa za ziada.

Najua tajiri atasema, "Nikimlipa dereva kwa kukaa, atalala chini ya mti." Lakini saa zinajulikana. Lango la bandari huandika, mizani huandika, na tangu 2017 mzigo unaopita nchini kwenda nchi jirani hufuatiliwa kwa mitambo. Anayejua lori liko wapi kila dakika hawezi kusema hajui limengoja kwa muda gani. Na nikuambie siri: siku kungoja kutakapolipiwa, foleni nyingi zitapungua zenyewe. Kitu cha bure hakiharakishwi na mtu.

Nasi nyumbani tuanze na letu. Ukikodi gari la kuhama, au la kuleta mchanga na mawe, patana bei mbili: bei ya safari na bei ya saa ya kungoja. Na usimwite dereva saa mbili kama wewe utakuwa tayari saa nne.

Yule kijana nilimtafuta. Mara mbili sikumkuta, mara ya tatu nikamkuta amekaa kwenye ngazi ya gari lake, anangoja mteja. Nikampa shilingi 1,500. Akazitazama, akacheka.

"Mama, hizi ni za lango au za friji?"

Nikamwambia ni za lango. Ya friji bado ninadaiwa.