Mashine Imefika, Mifupa Imesahauliwa

Mchuma majani chai wa Kimulot, huko Konoin katika Kaunti ya Bomet, huitegemea mifupa yake kuliko karani anavyoitegemea kalamu. Hupanda na kushuka miteremko, kikapu mgongoni, jua liwake au mvua inyeshe. Akifikwa na ugonjwa wa figo, jamaa zake huwaza damu tu: mashine ya kuisafisha iko wapi, Longisa au Kericho, na nauli itatoka wapi. Mifupa haitajwi.

Ilhali kazi ya figo si kuchuja uchafu pekee. Figo ndiyo huikamilisha vitamini D ipate nguvu ya kufanya kazi, na ndiyo huitoa mwilini fosforasi ya ziada. Ikishindwa, fosforasi hurundikana damuni, kalsiamu hupungua, na tezi nne ndogo zilizo shingoni humwaga homoni inayoinyofoa kalsiamu mifupani. Mashine haiondoi fosforasi yote, wala haiwezi kuikamilisha vitamini hiyo. Ndipo mtu aliyeokolewa na kifo huanza kulalamikia nyonga, na huenda akavunjika mfupa kwa kujikwaa tu.

Desturi nayo hutega mtego wake. Walimu tumewaimbia watoto miaka nenda miaka rudi kwamba maziwa hujenga mifupa. Ni kweli kwa mwenye figo nzima. Kwa anayesafishwa damu, mursik na maharagwe vikizidi huongeza fosforasi ile ile inayomdhuru. Ni nani aliyemweleza hayo mama anayempikia mgonjwa nyumbani?

Wataalamu nao wamejiuliza kwa nini wagonjwa wawili wa mashine moja hutofautiana, mmoja mifupa ikiharibika upesi kuliko ya mwenzake. Wengine walidhani jibu limo katika urithi. Mwaka 1994 watafiti wa Sydney, waliokuwa wamewachunguza mapacha, walitangaza kwamba tofauti katika jeni ya kipokezi cha vitamini D ndizo zinazoamua kwa kiasi kikubwa uimara wa mifupa. Mwaka 1997 walilazimika kuyasahihisha matokeo yao wenyewe, na mwaka 2006 uchunguzi wa zaidi ya watu 26,000 wa Ulaya haukuona kwamba tofauti hizo zilizovuma zinabadili wingi wa madini mifupani. Kwa wagonjwa wa figo majibu yamekuwa yakipingana.

Sisemi kwamba utafiti wa jeni ni upuuzi. Waafrika ndio wenye tofauti nyingi zaidi za urithi duniani, kwa hiyo kipimo cha Sydney hakiwezi kuhamishwa hivi hivi hadi Konoin. Hata Marekani, watu weusi kwa wastani huwa na vitamini D kidogo damuni na homoni ya tezi nyingi kuliko wazungu, lakini mifupa yao ni mizito zaidi. Je, kiwango cha kawaida ni cha nani?

Mpango wa serikali wa mwaka 2015 wa kukodi vifaa ulizifikisha mashine katika kaunti, na tangu Oktoba 2024 malipo ya kusafisha damu yamo mikononi mwa Mamlaka ya Afya ya Jamii. Vyema. Sasa kila mgonjwa apimwe fosforasi, kalsiamu na homoni ya tezi kwa vipindi maalumu, bila kutoa hela mfukoni, na majibu yaandikwe katika daftari lisilopotea. Mwanafunzi wa chuo kikuu anayetaka kuzichunguza jeni za watu wa nyanda hizi ataanzia kwenye daftari hilo.