Boxer ya kilomita chache isiwapumbaze wanunuzi
Boxer ya bodaboda Dar es Salaam hupiga kilomita 100 kwa siku bila taabu. Kwa mwaka inapita 30,000. Muuzaji anayeonyesha 12,000 kwenye pikipiki ya miaka mitatu aulizwe vizuri, hata kama bei yake inavutia.

Maana waya wa spidi huchomolewa kwa dakika chache, na namba za kilomita zinagota hapohapo.

Mnunuzi atazame raba za kukanyagia zilivyolika na meno ya sproketi yalivyochongoka, kisha aombe injini iwashwe asubuhi ikiwa ya baridi. Moshi wa bluu maana yake oili inaungua, na gharama ya kufungua injini inaweza kumeza punguzo lote. Afadhali yenye 40,000 za kweli, iliyobadilishwa oili kwa wakati.