Afya ya kibarua wa msimu ni sehemu ya mtaji

KILA msimu Bonde la Kilombero, mkoani Morogoro, hupokea vibarua kutoka mikoa mingine, ikiwamo Njombe, Iringa na Mbeya. Wapo wanaokuja kukata miwa na wapo wanaopalilia na kuvuna mpunga. Wenye mashamba huhesabu gharama za mbegu, mbolea na trekta, lakini afya ya watu hawa mara nyingi haimo katika hesabu. Hapo ndipo hasara inapoanzia.

Bonde hilo lina malaria, ilhali kibarua aliyekulia kwenye baridi ya nyanda za juu hana kinga ya kutosha. Kwa kawaida dalili huanza siku 10 hadi 15 baada ya kuumwa na mbu. Maana yake, mtu huanguka kazi ikiwa imepamba moto, na magugu hayamsubiri mgonjwa. Wengine hulala kwenye vibanda vya shambani bila chandarua, mbali na zahanati.

Si malaria peke yake. Mgonjwa wa kifua kikuu kwa kawaida humeza dawa kwa miezi 6 bila kukatisha, na anayetumia dawa za kupunguza makali ya Virusi vya Ukimwi huzitumia maisha yote. Akiogopa kukatwa ujira kwa kwenda kliniki, ataiacha dawa.

Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri kuwapatia wafanyakazi maji safi ya kunywa na huduma ya kwanza. Mkulima mwenye vibarua watano hawezi kujenga zahanati, lakini anaweza kununua chandarua chenye dawa kwa kila anayelala shambani, kuchemsha maji, kuchimba choo na kutoa ruhusa ya kliniki bila kukata ujira. Homa ikianza, mgonjwa apelekwe kupimwa siku hiyo hiyo. Majirani wakichangiana kupitia chama chao cha ushirika, nauli ya pikipiki haitamshinda mtu.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Kibarua hupewa jembe siku ya kwanza. Basi siku hiyo hiyo apewe na chandarua.