Ngozi ya mkulima nayo ni mtaji, ilindwe

Mkulima anapopanga bajeti ya msimu huhesabu mbegu, mbolea, dawa ya wadudu na vibarua. Mchuuzi naye huhesabu nauli, ushuru wa soko na bei ya mzigo. Ni nadra kumkuta mmoja wao ametenga fedha ya kulinda ngozi yake dhidi ya jua. Kwa mkulima au mchuuzi mwenye ualbino, pengo hilo katika hesabu linaweza kugharimu maisha.

Ni ukweli usiopingika kwamba jua la Dar es Salaam ni kali. Jiji liko karibu nyuzi saba kusini mwa Ikweta, na mwanzoni mwa Machi na tena Oktoba jua la adhuhuri hupita utosini. Mionzi inayounguza huwa mikali zaidi kati ya saa nne asubuhi na saa kumi jioni. Kipimo chake ni cha bure: kivuli chako kikiwa kifupi kuliko wewe, jihadhari. Mawingu yasikudanganye, mionzi hupenya.

Wengi wetu tuna rangi ya ngozi inayopunguza makali hayo. Mwenye ualbino hana, au anayo kidogo sana. Ngozi huungua, hutoa madoa, kisha vidonda visivyopona, na wengine hupata saratani wakiwa bado vijana. Hapo zinaanza safari za Ocean Road, bustani inakosa wa kumwagilia na meza ya sokoni inabaki tupu.

Wahenga walisema kinga ni bora kuliko tiba. Mwenye bustani ya mchicha Bunju au Chamazi ashike jembe alfajiri na jioni. Mchana abaki kivulini akifunga mafungu na kuandika hesabu. Avae shati zito la mikono mirefu na kofia ya ukingo mpana, kwani kapelo huacha masikio na shingo wazi. Mafuta ya kukinga jua yawe ya namba 30 au zaidi, yapakwe tena kila baada ya saa mbili. Mafuta ya mgando hayakingi jua.

Mafuta hayo ni ghali dukani, ndiyo maana nguo na kivuli vitangulie. Hata hivyo, yapo ya Kilisun yanayotengenezwa KCMC, Moshi, mahsusi kwa watu wenye ualbino. Chama cha Watu Wenye Ualbino Tanzania ni mahali pazuri pa kuyaulizia.

Na wewe unayeuza au kupaka mkorogo, elewa kwamba kujichubua ni kujivua kinga uliyozaliwa nayo. Vipodozi vyenye zebaki au haidrokwinoni vimepigwa marufuku nchini.

Wakati umefika kwa viongozi wa masoko ya Temeke na Kinondoni kuwapa wenye ualbino meza zenye paa kwanza, si zile za juani zilizobaki. Aidha, tangu 2018 sheria inazitaka halmashauri kutenga asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, na asilimia 2 kati ya hizo ni ya watu wenye ulemavu. Vikundi viandike kibanda, kofia na mafuta katika andiko la mradi, kwenye safu ileile ya mbolea. Afisa wa mikopo naye asivifute akidhani ni anasa. Hizo ni pembejeo.